Siku Moja Ngomeni

Fikira ya safari hii ilizaliwa barazani baada ya swala ya Alasiri, hapa kwetu Magogoni, siku ambayo binti wa jirani yangu alitoa simu yake akatuonyesha picha za mji wa Lisbon. Tuliona njia nyembamba iliyotandikwa mawe, ngazi zinazopanda baina ya nyumba mbili zilizokaribia kugusana, nguo zimeanikwa madirishani, na juu kabisa, kilimani, ngome. Bi Mkubwa wetu, ambaye ameshapita miaka 70 na hana haraka na jambo lolote, alivaa miwani yake, akaitazama picha ile kwa kituo, kisha akauliza, "Hapa si Kuze?"

Tulicheka. Binti hakucheka, wala mamake hakucheka. Binti ana miaka 19. Amepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kimoja cha huko Ureno, kwa ufadhili utakaolipa ada na malazi, na chuo kinataka jibu lake kwa maandishi. Mamake ni mjane, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Tangu barua ile ilipofika, nyumba yao imekuwa na maneno machache. Sisi majirani twaona: taa ya jikoni yawaka usiku wa manane, na mwenyewe huja chamani siku ya mchango, akatoa fedha yake, akaondoka kabla ya chai.

Majina yao siyaandiki, nao ndio sharti waliyonipa waliponiruhusu kuyasimulia haya.

Bi Mkubwa alirudisha simu. Akasema kwamba Wareno waliondoka katika mji huo wakaja kwetu wakajenga, na kile walichojenga kipo ng'ambo ya daraja, hata nauli yake haiwi ya kukopa. "Kabla mtoto hajaenda kwao," akasema, "twendeni sisi tukaone walichotuachia." Kisha akamgeukia mama wa binti. "Hata kama haendi."

Nakiri jambo moja. Nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Mombasa, na nimepita mbele ya Fort Jesus, ambayo wazee wetu huiita Ngomeni tu, mara nisizoweza kuzihesabu: nikienda harusini Mji wa Kale, nikimpeleka mtoto hospitali, nikienda Mama Ngina kupunga upepo siku za Idi. Sikuwahi kuingia hata mara moja. Wala si mimi peke yangu. Katika wanawake sita tuliokata shauri kwenda, aliyewahi kuingia ni mmoja, naye ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye huenda na wanafunzi wake na hushughulika zaidi na kuwahesabu kuliko kutazama kuta. Wageni huvuka bahari kuja kuiona. Sisi tumekuwa tukiipita kama mtu apitavyo ukuta wa jirani.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulikutana kituoni na vikapu vyetu. Mahamri na mbaazi ya nazi, viazi vya karai, kachri, chupa mbili za chai ya tangawizi, na ukwaju wa kuchovya. Mwalimu alishangaa akasema hii ni safari ya kutwa wala si hija. Binti alikuja nasi, kwa kisingizio cha kumshika mkono Bi Mkubwa na kutusomea maandishi. Matatu ilitupitisha Kongowea, sokoni kukiwa kumejaa mpaka njiani, ikatuvusha Daraja la Nyali. Daraja hili la zege ni la mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea, lililowekwa mwaka 1931, ambalo Bi Mkubwa alilivuka akiwa kijana, nalo lilipanda na kushuka pamoja na maji. "Ukivuka asubuhi na ukivuka jioni," alisema, "si daraja lile lile."

Tulipofika langoni tulilipa kiingilio, na kijana mwongozaji akatupokea kwa adabu. Alipomwona Bi Mkubwa akamwamkia shikamoo na kumtafutia kiti. Juu ya lango pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Tutalirudia jiwe hili, maana aliyeliweka alikuwa na sababu ya kujisifu.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na kufikia mwaka 1596 sehemu yake kubwa ilikuwa imesimama. Aliyeichora ni Mtaliani wa Milan, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi mkuu wa mfalme wa Ureno katika nchi za Mashariki. Ukiitazama kutoka juu yafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini na mikono na miguu imetanuka. Pembe nne zilizochomoza zina majina ya watakatifu wao: São Filipe, São Alberto, São Matias, São Mateus. Lakini mawe si ya Ureno. Ni matumbawe ya bahari yetu, ni chokaa yetu iliyochomwa hapa hapa, na mikono iliyoyabeba mawe hayo kwenye jua la Januari haikuwa ya watakatifu wale wala ya Mtaliani.

Nilidhani nitaona ngome, nikaona mji. Ndani ya kuta zile Wareno walijiwekea Ulaya ndogo: misingi ya kanisa bado yaonekana, nyumba ya kapteni iko pale, na pana mabaki ya makazi ya askari, kisima kirefu, na birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Pana njia ya ngazi iteremkayo kuelekea baharini, ambako vyakula vilipokelewa wakati lango la bara halifunguki. Ni mji mzima unaoweza kufungwa kwa ufunguo. Shoga yetu mmoja, ambaye husema lolote limjialo, alizunguka akatazama kuta pande zote akasema, "Hawa watu waliogopa sana." Mwongozaji alicheka, lakini sidhani kama alikosea. Kabla ya ngome hii, Mombasa ilichomwa moto na Wareno mwaka 1505, ikaingiliwa na kuharibiwa tena mwaka 1528, na kila mara watu wakarudi wakajenga. Mtu akiishi katikati ya watu aliowachomea nyumba, lazima kuta zake ziwe nene.

Katika chumba kimoja cha makumbusho wamehifadhi kipande cha ukuta kutoka pembe ya São Mateus. Mabaharia na askari wa Kireno walikichora kwa makaa na udongo mwekundu wakati wa zamu zao. Wamechora merikebu nyingi, watu, wanyama, na kanisa. Si michoro ya mafundi. Ni kama ile ambayo watoto wetu huchora nyuma ya daftari mwalimu akiwa amegeuka. Tulisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mama wa binti, ambaye tangu kituoni alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu, alisogea karibu na kioo.

"Hawa walikuwa na umri gani?" akauliza.

Mwongozaji alijibu kwamba wengi wao walikuwa vijana. Hakuuliza tena. Lakini mimi nilikuwa kando yake, na nilimwona akiutazama ule mchoro wa kanisa. Sikuhitaji kuambiwa anachokifikiria. Kijana aliyekaa hapa miaka mingapi sijui, mbele yake bahari na nyuma yake watu wasiomtaka, alipopata kipande cha makaa alichora kitu cha kwao.

Tulitoka nje kupata hewa. Chini ya kivuli cha ukuta unaotazama bahari tulitandika leso, Bi Mkubwa akaketi, chai ikamiminwa. Mwalimu akasema atatusimulia kisa cha Yusuf, kwa sababu kisa hicho kilitokea hapa hapa tulipokaa na wanafunzi wake hawamwachi akimalize, huwa washaanza kukimbizana.

Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa Sultani Hassan bin Ahmad, wa ukoo wa masultani wa Malindi waliohamia Mombasa chini ya kivuli cha Wareno. Babake aligombana na kapteni wa ngome. Alipoona mambo yamefika pabaya alikimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614, kwa hila ambayo wanahistoria huihusisha na fedha ya Wareno wenyewe. Mtoto alikuwa angali mdogo. Wareno wakamchukua, wakampeleka Goa, mji wao mkuu katika Bara Hindi, mji waliojenga makanisa na majumba mfano wa kwao. Huko alilelewa na watawa wa Kiagustino. Akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Akasoma kusoma kwao, akavaa kuvaa kwao, akapigana vita vyao baharini, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao.

"Sasa fikirini," Mwalimu alisema. "Amerudi kwao. Lakini kwao hawamjui. Na Wareno, waliomlea, hawamheshimu."

Miaka mitano ilipita. Wareno waliandika kwamba alionekana akiliendea kaburi la babake na kumwombea dua kwa desturi ya Kiislamu. Habari hizo zilipomfikia kapteni, Yusuf alijua kuwa hana siku nyingi. Mwezi Agosti mwaka 1631, akaingia ngomeni kwa kisingizio cha kumwamkia kapteni, akamwua, na wafuasi wake wakaitwaa ngome. Akarudia jina lake na dini yake. Katika siku zilizofuata Wareno waliokuwa mjini, na Wakristo wa hapa waliokataa kurudi nyuma, waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Nimesoma na kusikia watu wa kwetu wakikisimulia kisa hiki wakakiruka kipande hicho. Mimi sikiruki. Dini yetu imekataza kuuawa mwanamke na mtoto vitani, na haibadiliki kwa kuwa aliyeua ana jina tunalolipenda.

Wareno walikuja na majeshi mwaka 1632 wakaizingira ngome, wakashindwa. Lakini miezi michache baadaye Yusuf mwenyewe aliiacha, akapanda merikebu na watu wake, akawa mtu wa baharini anayewawinda Wareno kutoka pwani hadi pwani, mpaka alipofariki mwaka 1638 mbali na Mombasa. Wareno wakarudi katika ngome tupu. Na lile jiwe juu ya lango ni sifa za kapteni aliyeitengeneza baada ya hayo na kuwaadhibu watu wa pwani walioshirikiana na Yusuf.

Hakuna aliyesema kitu kwa dakika kadhaa. Boti ilikuwa ikipita chini, inaelekea bandari ya zamani. Kisha mama wa binti akasema, bila ya kumtazama mtu, "Ndiyo haya niyaogopayo."

Binti aliweka kikombe chini. "Mama, mimi sipelekwi. Naenda."

"Tofauti ni nini ukiwa umeshafika?"

"Yeye alikuwa mtoto mdogo. Walishamwulia babake. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu." Akasita. "Na hakuna aliyemwuliza."

Shoga yetu yule wa maneno alitaka kuingilia, Bi Mkubwa akamzuia kwa jicho. Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa ya kelele, lakini yalikuwa mazungumzo ambayo nyumba yao ilikuwa ikiyakwepa kwa wiki mbili. Mama alitaja vazi. Alitaja chakula. Alitaja mabinti wa watu waliokwenda na kurudi wakiwa hawana subira na mama zao. Alitaja safari ya mwanamke bila ya mahramu, na hilo ni suala ambalo maulamaa wamelizungumza kwa mapana na ambalo familia yao imeshalipeleka kwa imamu wao, kwa hiyo sitalifanyia hukumu hapa. Ninaloweza kusema ni kuwa mjomba wa binti, nduguye mama, amejitolea kwenda naye na kumwona ametulia kabla ya kurudi. Binti alimsikiliza mamake mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sisi hatukulijua, naye alilichunguza mwenyewe bila ya kuambiwa.

Mji ule wa Lisbon ulikuwa mji wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, hadi ulipotekwa mwaka 1147. Ile ngome kilimani, ya kwenye picha, Waislamu waliijenga na kukaa ndani yake kabla ya wafalme wa Kikristo. Mtaa wa Alfama, ule wenye vichochoro tulivyovidhania ni Kuze, jina lake ni la Kiarabu, latokana na chemchemi za maji ya moto. Mtaa wa Mouraria ndio walikoamriwa kukaa Waislamu waliobaki baada ya kutekwa. Na leo mji huo una msikiti mkuu wa jamaa, uliofunguliwa mwaka 1985, na wengi wa walioujaza tangu mwanzo ni watu waliotoka Msumbiji, yaani pwani hii hii yetu, upande wa kusini.

"Msumbiji," Bi Mkubwa akarudia. "Basi kuna mtu huko ajuaye kupika mchuzi wa nazi."

Tulicheka tena, na safari hii mama wa binti alicheka kidogo. Lakini jibu hakulitoa. Alisimama akakung'uta leso.

Kabla ya kutoka mwongozaji alituonyesha vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome hii mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapigambizi miaka ya 1970. Ilikuwa imekuja kuwaokoa waliozingirwa na Waarabu wa Omani. Mzingiro ule ulianza Machi 1696 ukamalizika Desemba 1698, na ndani yake pana habari ambayo mimi, nilivyo mwanamke, sikuwahi kufundishwa shuleni. Maradhi yaliwaua Wareno mmoja mmoja mpaka kapteni wao wa mwisho akafa, na kwa kipindi ngome hii ya mfalme wa Ureno ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake wachache, pamoja na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio waliozilinda kuta mpaka msaada ukafika. Hawana jiwe juu ya lango. Mwalimu aliniambia kuwa wanafunzi wake wakifika hapo, wasichana huacha kuzungumza.

Baadaye Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Wazee wengine wa Mombasa bado huiita Gereza. Ajabu ya neno hilo ni kuwa asili yake ni neno la Kireno la kanisa, igreja. Na fedha za kuifanya makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1960, zilitoka katika wakfu wa Gulbenkian, ambao makao yake ni huko huko Lisbon.

Kutoka Ngomeni tuliingia Mji wa Kale kwa miguu. Ndia Kuu, ambayo Wareno waliiita Raposeira, imebaki njia kuu ya mtaa. Hapa ndipo Bi Mkubwa aliacha mkono wa binti akatangulia mbele, kwa mwendo ambao sijauona kwake Magogoni. Alituonyesha roshani za mbao, milango iliyochongwa, na kibaraza ambacho mabibi walikuwa wakiketi jioni wakati wanaume wamekwenda msikitini. Alipofika Kuze alisimama mbele ya nyumba moja ya ghorofa. Chini yake sasa pana duka la kuuza vinyago. Mlango wa kuchonga haupo, umewekwa wa chuma.

"Hapa nilizaliwa," akasema.

Nyumba iliuzwa warithi walipokuwa wengi na vyumba vichache. Kila mmoja akachukua fungu lake akavuka daraja. Hii ndiyo habari ya familia nyingi za Kisauni, na ndiyo sababu ukisikiliza vizuri barazani Magogoni utasikia Kimvita safi kikitoka katika nyumba za matofali ya juzi. Bi Mkubwa aligusa ukuta kwa kiganja, akauacha. Hakulia. Alimwambia binti, "Mimi nimehama kilomita chache tu, na sijaweza kurudi. Usidhani umbali ndio unaokata."

Sikujua kama alimwambia binti au mamake.

Adhuhuri tuliswali nyumbani kwa jamaa yake Bi Mkubwa, mtaa ule ule, ghorofa ya pili. Ngazi zake ni za kupanda kwa kushika kamba. Tulikula kilichobaki kapuni, na mwenyeji akaongeza wali na samaki wa kupaka, kwa hiyo Mwalimu alikosa na sisi tulipatia kuhusu vikapu. Mezani hapo ulizuka mchezo. Binti, ambaye ameanza kujifunza Kireno katika simu, alisema neno meza ni la kwao. Tukashindana kuongeza: bendera, kasha, karata, parafujo, roda, nanasi. Bi Mkubwa alishangaa alipoambiwa kwamba leso pia ni neno lao, lenço, kitambaa cha mkononi, na kwamba inasimuliwa kuwa mabibi wa zamani walikuwa wakivishona vitambaa hivyo pamoja hadi vikawa vazi. Muhogo na mahindi, ambavyo hakuna futari ya Ramadhani isiyokuwa na kimoja wapo, vililetwa na merikebu zao kutoka Amerika. "Kumbe walituchomea mji na kutuletea muhogo," alisema shoga yetu. Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo, na mimi bado sina.

Mama wa binti hakushiriki mchezo ule. Alikuwa dirishani, anatazama kichochoro. Nilikwenda nikasimama naye. Aliniambia kwamba kilichomkaa moyoni katika kisa cha Yusuf si Goa wala ngome. Ni kwamba hakuna mahali palipotajwa mama.

"Alikuwa naye," akasema. "Lazima alikuwa naye. Alingoja miaka 12. Alipoletewa mtoto, aliletewa Jerónimo."

Bi Mkubwa, ambaye husikia kila kitu akiwa amefumba macho, alisema kutoka kitini pake kwamba Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, naye alingoja Yusuf wake mpaka macho yakafanya ukungu. "Lakini yeye aliletewa kanzu. Mpeni mtu kanzu, atasubiri."

Saa tisa tuliaga. Ilikuwa turudi moja kwa moja, lakini mama wa binti alisema anataka kupita Barabara ya Biashara mara moja. Nani atakataa kupita Biashara? Tulifuatana naye duka hadi duka. Mwenye duka aliteremsha leso, akazikunjua moja baada ya nyingine juu ya meza, naye alisoma kila jina kwa makini, akikataa hili kwa kuwa ni la mipasho, na lile kwa kuwa ni la mapenzi. Mwisho alichagua doti moja ya bluu iliyoiva, jina lake dua. Aliitandaza mabegani mwa bintiye kuona kama itamfunika mikono akiwa katika swala. Kisha akaivuta tena, akaipima kwa urefu.

Fundi wa mlangoni aliuliza kama ni ya leo au aipinde kesho.

"Ipinde sasa," alisema. Akamgeukia binti, na tangu asubuhi hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akimtazama sawasawa. "Doti moja itatosha, au huko baridi sana?"

Fundi alikanyaga cherehani. Sisi wengine tulishughulika kutazama bidhaa.